Krismasi ya Mikono Mitupu

Desemba mbili zilizopita rafiki yangu mmoja anayesoma muziki katika Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira alinipa flashi, akaniambia: "We chalii, acha kusikiliza plastiki. Chukua hii, ukasikilize jazi ya kweli." Ndani ya flashi kulikuwa na albamu moja tu, tena ya Krismasi. Nilicheka mpaka kondakta wa Hiace akageuka kuniangalia. Krismasi na jazi vinakutana wapi, jamani? Sisi watu wa Kikatiti Krismasi yetu tunaijua. Inaanza pale magari ya watu wanaorudi kwao Moshi yanapoanza kupita barabara kuu usiku na mchana, mizigo juu, watoto wamelala madirishani. Kila baa ya kando ya lami inafungulia sabufa, na kila sabufa anatoka Boney M. Hapo hata ng'ombe anajua kwamba mwaka umekwisha.

Nilifika nyumbani nikaiweka. Bibi yangu alikuwa anachambua mchele barazani, akauliza ni muziki gani. Nikamjibu, "Jazi, bibi." Uso wake ukachanua. "Mbaraka?"

Kwa watu wa umri wake jazi ni Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, ni Tabora Jazz, ni Western Jazz, ni Dar es Salaam Jazz Band. Ni magitaa na tarumbeta, ukumbi umejaa na viatu vimepigwa kiwi. Wanamuziki wale walichukua jina kutoka Marekani na mdundo kutoka Cuba na Kongo, wakaimba Kiswahili, na hakuna aliyewadai risiti. Basi bibi akaacha ungo, akakaa vizuri, akasubiri magitaa. Ikaja piano peke yake, taratibu. Likaingia besi, na nyuma yake mtu wa ngoma ambaye hapigi, anapangusa ngozi ya ngoma kwa nyaya laini, kama mtu anayefagia uwanja alfajiri wenzake wamelala. Bibi alivumilia dakika kama tatu. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mume wangu, huyu anafagia. Wenyewe wataanza lini?"

Ndugu msomaji, makala hii yote imetoka kwenye swali hilo. Muziki wa sikukuu ambao hauanzi, unawezaje kudumu miaka 60? Na swali la pili, ambalo ndilo linaloniuma zaidi: mtu ana haki ya kuja na huzuni yake kwenye sikukuu ya furaha ya wenzake?

Kwanza niseme albamu yenyewe ni ipi. Inaitwa A Charlie Brown Christmas, ya mpiga piano Vince Guaraldi, mzaliwa wa San Francisco. Ilitoka Desemba 1965 kwa ajili ya filamu fupi ya katuni iliyoonyeshwa na televisheni ya CBS tarehe 9 mwezi huo huo. Katuni ni za Charles Schulz, yule aliyemchora Charlie Brown na mbwa wake Snoopy. Sisi Snoopy tumemwona miaka mingi kwenye fulana za mitumba pale soko la Tengeru bila kujua ni mbwa wa nani.

Hadithi ni fupi. Mtoto anaona Krismasi inakuja, wenzake wote wanachangamka, na yeye moyoni hachangamki wala hajui kwa nini. Anatumwa akanunue mti wa Krismasi, anarudi na kimti kidogo kuliko vyote, kimenyong'onyea, wenzake wanamcheka. Mwisho anapaza sauti akiuliza kama kuna mtu yeyote anayejua Krismasi ni kitu gani. Ndipo rafiki yake Linus anasimama jukwaani na kusoma kwa kichwa Injili ya Luka, sura ya 2, habari za wale wachungaji wa kondoo waliokuwa kondeni usiku.

Wakubwa wa televisheni hawakuipenda. Hakukuwa na vicheko vya kubandika, sauti zilikuwa za watoto wenyewe badala ya waigizaji wazima, kulikuwa na Biblia, na juu ya yote kulikuwa na jazi kwenye kipindi cha watoto. Walidhani ingeonyeshwa mara moja ikasahaulika. Usiku ule karibu nusu ya waliokuwa mbele ya televisheni Marekani waliitazama. Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka albamu hiyo katika orodha ya rekodi za taifa za kuhifadhiwa. Guaraldi hakuyaona hayo. Alikufa ghafla Februari 1976, akiwa na miaka 47, wakati wa mapumziko kati ya awamu mbili za kupiga muziki kwenye klabu moja ya California.

Mimi si mtaalamu wa muziki, nasema ninachosikia. Katika albamu ile kuna wimbo unaoimbwa na watoto wa kwaya ya kanisa moja la mji wa San Rafael. Maneno yake aliyaandika haraka haraka mtayarishaji wa filamu, Lee Mendelson, kwa sababu alikosa mtunzi. Ukiyasoma maneno ni ya furaha tupu, lakini tuni haikubali. Tuni inashuka pale ambapo maneno yanapanda. Tena wale watoto hawako sawasawa kabisa, kuna mmoja mmoja anachelewa, kuna sauti inayoteleza, na hakuna aliyewasahihisha mpaka wakawa kama mashine. Wanataja theluji, na mji wao uko karibu na bahari, theluji kwao ni ya kusimuliwa. Hapo nilijiona ni ndugu yao. Sisi ya kwetu tunaiona asubuhi isiyo na mawingu kule juu ya Kilimanjaro, kisha tunakata tawi la mkrismasi, tunalisimika kwenye kopo la rangi lenye udongo, na theluji tunaitengeneza kwa pamba ya dukani.

Kuna pia ule wimbo wa Kijerumani wa mti wa Krismasi, O Tannenbaum. Guaraldi anauanza peke yake, pole pole, kama mzee anayekumbuka jina la mtu. Halafu besi na ngoma zinaingia na wimbo unaanza kutembea. Wamisionari waliotuletea Krismasi huku Meru walikuwa wa misheni ya Leipzig. Wawili wa kwanza, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri Oktoba 1896, kabla hawajaona Krismasi hata moja huku. Huwa nawakumbuka nikiusikia. Lakini hayo ni ya pembeni.

Sasa nije kwa baba yangu mdogo.

Baba mdogo alikuwa mwana-Apolo. Kwa msomaji wa mbali, ndivyo wanavyoitwa vijana wanaochimba tanzanite kule Mererani. Ukitoka kwetu unafuata lami kuelekea Moshi mpaka njia panda ya KIA, unakata kulia. Mwana-Apolo wa aina yake hakuwa na mshahara. Mwenye shimo alimpa chakula, na jiwe likitoka anapata mgao. Lisipotoka, basi, unangoja mwaka mwingine. Wanashuka kwa kamba na ngazi, na wanapopanda juu wamepakaa vumbi jeusi linalong'aa kama risasi ya penseli, huwezi kumtambua nduguyo mpaka aongee.

Tangu nilipoanza darasa la kwanza mwaka 2006 mpaka mwaka 2013, kila tarehe 24 Desemba jioni alishuka kituoni Kikatiti. Sisi watoto tulikuwa tumeshapanga mstari tangu saa nane. Alikuja na mchele, kreti ya soda, kanga ya bibi, na nguo kwa kila mtoto, na hakukosea saizi hata mara moja. Begani alibeba redio kaseti kama jamaa wa sinema. Kaseti ilikuwa moja, ile ile ya Boney M, albamu yao ya Krismasi ya mwaka 1981. Baada ya chakula aliwasha, akachukua mwiko wa ugali ukawa maikrofoni, akacheza kama yule mwanaume wa Boney M mwenye nywele nyingi, Bobby Farrell: magoti nje, kiuno hakina mfupa. Maji yetu huku yana floraidi nyingi, meno ya wengi wetu ni ya kahawia, na baba mdogo mwaka mzima alikuwa mtu wa kucheka mdomo umefungwa. Usiku ule aliufungua wote. Majirani walikuja kutazama. Mimi nilikuwa nasema moyoni, nikikua nitakuwa kama huyu.

Januari 2014 alikuja mtu kwa bodaboda. Mtu mstaarabu, tena wa umri wa baba. Alimwamkia bibi, akakaa, akanywa chai mpaka akamaliza, ndipo akatoa daftari. Desemba zote za tangu 2007 zilikuwa humo kwa mwandiko wa kalamu: mchele, soda, nguo za watoto watano, kanga, nauli. Baba mdogo alikuwa anakopa Desemba na kulipa mwaka mzima, kwa kubeba kifusi cha watu wengine baada ya zamu yake. Miaka miwili ya mwisho alishindwa. Jiwe la maana hakuwahi kulipata. Hata moja, ndugu msomaji, miaka yote ile.

Bibi aliuza mbuzi wawili, deni likapungua. Hakupiga kelele. Alisema sentensi moja tu, akiwa ameshika ile kanga: "Kumbe nilikuwa nakula njaa ya mwanangu, nasema asante."

Habari zikamfikia baba mdogo huko aliko. Hajaja Krismasi tena tangu mwaka ule.

Nikiwa kidato cha pili niliandika hadithi yangu ya kwanza. Ilihusu mtu mmoja mwongo anayejifanya tajiri kila Krismasi. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, watu wakacheka, nikapata alama nzuri. Siku ile nilikuwa nimevaa suruali aliyoninunulia yeye. Ninapoandika sasa, usiku, baada ya kazi za mchana, hadithi ile huwa inanijia kama mdai.

Miaka ilipita, nikapata simu yenye intaneti, siku moja nikasoma habari za Boney M. Kumbe Bobby Farrell haimbi! Ile sauti nzito ya kiume kwenye santuri ni ya Frank Farian, Mjerumani aliyeliunda kundi, na mwenyewe alikwisha kusema hivyo tangu mwaka 1978. Kati ya wanawake watatu waliimba Liz Mitchell na Marcia Barrett, na Maizie Williams alikuwa wa jukwaani. Kwa hiyo Bobby alikuwa pleibeki. Farian huyo huyo baadaye alifanya mchezo huo huo na vijana wa Milli Vanilli, na mwaka 1990 wakanyang'anywa tuzo yao ya Grammy.

Nilikaa kitandani nikiwa na simu mkononi. Yaani uwanjani kwetu miaka ile walikuwa wanacheza pleibeki wawili, mmoja ndani ya kaseti na mwingine mwenye mwiko.

Je, huo ni uongo? Nilijibishana na nafsi yangu muda mrefu, na kwa miaka kadhaa jibu langu lilikuwa: hapana. Nilikuwa na hoja, tena nzuri. Nilisema, tazama nyimbo zenyewe zilikotoka. Aliyetunga White Christmas ni Irving Berlin, Myahudi aliyezaliwa Urusi, Krismasi si sikukuu ya dini yake. Mary's Boy Child alitunga Jester Hairston, Mmarekani mweusi ambaye mababu zake walikuwa watumwa. Wakaja kuziimba watu wa Jamaika, zikapangwa studio na Mjerumani, na mchimbaji wa Mererani akazicheza Kikatiti chini ya mgomba. Kila mtu angeambiwa aimbe kilicho chake tu, sikukuu ingekuwa kimya. Na sisi tunaojifunza kuandika je? Kazi yetu si kusema kwa midomo ya watu wengine?

Halafu nikasema, sauti haikuwa ya Bobby lakini miguu ilikuwa yake. Jasho lilikuwa lake. Alikufa tarehe 30 Desemba 2010 katika hoteli huko Saint Petersburg, Urusi, na usiku uliotangulia alikuwa jukwaani. Baba mdogo vile vile. Furaha aliikopa, lakini kucheza alicheza mwenyewe, na kulipa alilipa mwenyewe. Wale vijana wa Milli Vanilli walipokea tuzo ya kuimba bila kuimba. Baba mdogo alipokea nini kwetu? Sahani ya pilau aliyoinunua yeye. Tapeli gani huyo anayejiibia mwenyewe?

Hiyo ndiyo hoja niliyompelekea bibi mwaka jana, nimeipanga kama wakili. Alinisikiliza huku anamenya ndizi. Nilipomaliza akasema, "Wewe unahesabu alichotupa. Alichoninyima hukihesabu."

"Alikunyima nini, bibi?"

"Kumjua mwanangu."

Akaendelea kumenya. Niliondoka nikaenda mpaka barabarani, nikasimama naangalia magari, maana hoja zangu zote zilikuwa zimelala chini. Sikuwa nimeliwaza hilo kabisa. Mtu akikuficha shida yake kwa wema, amekuhurumia, ndiyo, lakini pia amekuhukumu bila kukuita. Ameamua kwamba wewe huwezi kubeba. Bibi huyu alimzika mume, alizika watoto wawili, amelima miteremko hii tangu akiwa msichana, halafu mwanawe akaona hawezi kuambiwa "mama, mwaka huu sina." Angeweza. Angemkatia ndizi, angempikia loshoro, wangekaa.

Lakini hapo tena nikarudi upande wa baba mdogo. Maana alijuaje kwamba angepokewa? Nilijaribu kukumbuka tulivyompokea jioni zile za tarehe 24, nikikumbuka kwa ukweli, si kwa utamu. Tulikuwa tunashika begi kabla ya kumwamkia. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua zipu huku nasema shikamoo. Hakuna aliyeuliza, "Baba mdogo, umechoka?" Swali lilikuwa, "Umetuletea nini?" Na majirani walikuwa wanahesabu toka ng'ambo ya ua: fulani kaja na kreti mbili, fulani kaja na mfuko wa rambo tu, mjini kunamshinda huyo. Nenda leo kasimame kituo chochote cha barabara ya Arusha–Moshi wiki ya Krismasi utazame. Mtu anaposhuka, macho ya watu yanaanzia kwenye mzigo, baadaye ndiyo yanapanda usoni. Wapo wanaokopa kama baba mdogo. Wapo ambao hawaji kabisa, wanapiga simu kusema kazi zimebana, na sisi tunajibu, "Haya, kazi kwanza." Tunajua. Wanajua kwamba tunajua. Huo nao ni pleibeki, tena wa ukoo mzima.

Ndiyo sababu narudi kwenye ile albamu inayofagia.

Nadhani imedumu kwa sababu haimkagui mtu begi. Nyimbo nyingi za Krismasi zinakukuta mlangoni na swali: umefurahi? Kama hujafurahi, furahi sasa hivi. Muziki wa Guaraldi unakuacha uingie ulivyo. Kuna kicheko ndani yake, tena kingi, ule wimbo wa Linus na Lucy watoto wa jirani zetu walianza kuurukia bila kuambiwa. Lakini kicheko hakimfukuzi mwenye huzuni. Vinakaa kwenye benchi moja. Na lile fungu la Luka ambalo wakubwa wa televisheni hawakulitaka, nimelisoma tena kwa makini. Dhahabu, uvumba na manemane ni za Mathayo, zililetwa na mamajusi. Wachungaji wa Luka hawakuandikiwa zawadi hata moja. Walikuja usiku, na vumbi la kondeni miguuni, na mikono mitupu, wakaona, wakarudi wakifurahi. Hakuna aliyewauliza wameleta nini.

Rafiki yangu wa Makumira hufurahi nikifika hapa, hudhani nimekubali kwamba Boney M ni plastiki. Sijakubali. Mtu aliyepigwa na mwaka mzima anahitaji wakati mwingine mwenzake acheze badala yake, hata kwa sauti ya kuazima. Ile kaseti ilitufanya tucheke miaka minane na kicheko kile hakikuwa cha kuazima. Sitamrudishia mtu yeyote.

Tena kuna pingamizi jingine ambalo rafiki yangu halioni, ila bibi aliliona dakika ya tatu. Huenda huzuni ya taratibu kwenye sikukuu ni anasa ya walioshiba. Mmarekani wa mwaka 1965 mwenye nyumba, friji na televisheni anaweza kukaa akasikiliza kwa nini moyo wake hauchangamki. Mtu ambaye moyo wake unajua sababu zote, tena kwa majina na kiasi kinachodaiwa, yeye anataka ngoma ipigwe asahau. "Wataanza lini" si swali la mtu asiyejua muziki. Ni la mtu aliyengoja mwaka mzima sikukuu ianze. Sina jibu kamili la hilo. Nimelizungusha kichwani mpaka limekuwa laini na bado ni jiwe.

Ninachoweza kusema ni kilichotokea. Mwaka jana tarehe 24 usiku, wajukuu wadogo wameshalala, mabaa ya barabarani yanatetemesha bati, bibi aliniita akaniambia, "Niwekee yule anayefagia." Nikaweka. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba, mikono mapajani, hakuchambua mchele wala kumenya kitu. Ilipofika kwenye wale watoto wa San Rafael aliuliza wanasema nini. Nikamwambia wanasema Krismasi imefika. Akasema, "Mbona kama kuna mtu wanamngoja?"

Tulisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama namba ya baba yako mdogo ni ile ile. Nikasema ni ile ile. Tukanyamaza, usiku ukapita.

Mwaka huu hajangoja Krismasi ifike. Wiki iliyopita aliuza mkungu wa ndizi, akanipa shilingi 5,000 na kuniamuru nimtumie kwa simu, iwe nauli, na chini yake niandike maneno yake kama alivyoyasema: Njoo na miguu yako tu, ukija na begi nitakufungia mlango. Niliandika hivyo hivyo, sikuongeza fasihi. Nikatuma saa moja jioni nikiwa kituoni, pale pale tulipokuwa tunampangia mstari.

Mtandao ulijibu papo hapo kwamba pesa imepokelewa. Yeye mwenyewe bado hajajibu. Bibi ananiuliza kila asubuhi, namwonyesha simu.